Kadi ya Shemeji

Nilipoajiriwa ualimu nilipewa fomu ya bima ya afya, nikaijaza nimesimama kwenye korido, karatasi nimeiegemeza ukutani na kalamu inatoboa. Mume, sina. Watoto, bado. Baba, yupo. Mama, yupo. Nikaanza kutafuta pa kumwandika mjomba. Nilipopakosa mbele nikageuza nyuma, na nyuma hapakuwa na kitu.

"Mjomba haingii," karani akaniambia bila kuinua kichwa.

"Sasa nani anaingia?"

"Mume, watoto, wazazi. Kwani huyo mjomba ndiye aliyekuzaa?"

Nilikuwa mgeni kazini, nikatia sahihi. Leo ningemjibu, tena kwa sauti, maana umri umenipa mdomo.

Kwetu, upande huu wa Ruangwa na Nachingwea, ukoo unafuata mama. Mwanaume akioa anahamia kwa mkewe, na watoto wakizaliwa ni wa ukoo wa mama yao. Baba ni mtu anayependwa, anayesalimiwa na kupakuliwa wa kwanza, lakini mwenye kusema juu ya mtoto ni mjomba. Mimi nilipofaulu darasa la saba nikamfuata baba kumwomba ada, alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Umemwambia mjomba wako?" Nilipopata mchumba, mchumba akafika kwa baba na wazee wake, wakakaribishwa, wakalishwa kuku mzima, halafu baba akawauliza, "Mmeshaonana na mjomba wake?" Sikumbuki hata siku moja baba kuamua jambo langu, na sikumbuki hata siku moja yeye kulalamika. Ndivyo ilivyokuwa, na ada ililipwa. Mjomba aliilipa kwa kuchonga mipini ya majembe na kuiuza kwenye magulio, mmoja mmoja, miaka minne.

Kwa hiyo kwenye fomu nikawaandika mama na baba. Na baba, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa mtu ambaye hajawahi kuumwa hata mafua. Kadi yake ilipofika aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama picha yake, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kuendelea kuwa mzima. Picha yenyewe ilipigwa juani, na mpiga picha alikuwa na haraka, ikamtoa amefumba macho. Kofia, ndevu nyeupe, macho yamefumbwa. Ungeweza kudhani ni mzee yeyote wa kuanzia Nanganga mpaka Ruponda aliyesinzia akisubiri chakula.

Mimi kadi yangu niliitumia, sikuionea haya. Nakumbuka mara ya kwanza nilikwenda nayo hospitali moja, ambayo siitaji, kwa sababu koo lilikuwa linawasha. Daktari hakuniangalia koo. Aliangalia kadi, akatabasamu, akaniandikia vipimo. Nikatolewa damu. Nikapewa kikopo cha mkojo, nikapewa na kile kingine. Nikapakwa mafuta ya baridi tumboni nikapigwa picha, mimi niliyekuja kwa ajili ya koo. Kila nilipotoka chumba kimoja nilitia sahihi, nikaingia kingine. Jioni nikatoka na dawa aina tano na koo langu lilelile, na moyoni nikajisikia mtu mkubwa sana.

Mwezi uleule mjomba alikwenda palepale na homa. Yeye aliulizwa kwanza, "Mzee, umekuja na kiasi gani?" Alipotaja, matibabu yakakatwa kwa kipimo hicho, kama fundi cherehani anavyokata nguo kulingana na kitambaa ulichomletea. Hakuna kipimo hata kimoja. Akapewa vidonge vya malaria na vya maumivu, akaambiwa anywe maji mengi. Maji hayakuwa na malipo.

Haya mambo yalinichekesha wakati ule. Nilimwambia mjomba kwamba tukiunganisha ugonjwa wake na kadi yangu tungepata mgonjwa mmoja aliyetibiwa vizuri. Tulicheka wote. Sikujua kwamba nilikuwa nimetia wazo baya kwenye vichwa vya wazee.

Miaka ikapita, macho ya mjomba yakaanza kupungua taratibu. Alimsalimia mkorosho akidhani ni mwenyekiti wa kijiji, na tulipomwambia akasema mkorosho una adabu kuliko mwenyekiti. Alimkaripia mbuzi wa jirani kwa jina la mtoto wa jirani. Tukacheka, naye akacheka, maana ana kipaji cha kucheka kabla hujamcheka. Lakini mwaka wa pili alijikata kidole gumba akichonga mpini, kidonda kikakaa mwezi mzima. Baada ya hapo nikifika nyumbani kwa likizo namkuta amekaa barazani, panga dogo la kuchongea limewekwa juu ya dari ambako hafikii, na kando yake vipande vya miti, mpingo na mkarati, vinapasuka kwa ukavu. Msikitini alikuwa anapelekwa. Mwaka wa tatu aliniuliza, "Hiyo sauti ni yako?" nikiwa nimesimama mbele yake mchana kweupe. Siku ile sikucheka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka mama akanifuata.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Muuguzi wa zahanati alisema ni upasuaji mdogo, mtu anaingia asubuhi anatoka kesho yake anaona. Alisema pia kwamba tukichelewa sana, siku moja tutaambiwa tumechelewa.

Mjomba alikuwa anaishi pale pale kwetu, kwenye nyumba ya dada yake, yaani mama yangu. Mkewe alikuwa wa upande wa Mnero. Alipofariki, mjomba akarudi kwao kama desturi inavyotaka, na watoto wake wakabaki kwa wajomba zao. Ndiyo maana bima ya kaya ilimshinda. Mtendaji wa kijiji alipokuja kuipigia debe, mjomba alimsikiliza kwa heshima zote.

"Ni ya watu sita, mzee. Kaya nzima."

"Kaya yangu ni mimi."

"Hata ukiwa mmoja unalipa vilevile."

"Hao watano wengine wataumwa?"

"Hawapo, mzee."

"Basi nalipia watano wasiokuwepo wasiumwe. Mwanangu, hao hawaumwi hata bila kadi."

Tulipokuja kumshawishi akakubali, tuliambiwa kadi ile ingemfikisha zahanati na kituo cha afya, lakini upasuaji wa jicho uko mbele ya pale inapoishia. Mjomba akasema alijua tangu mwanzo kwamba wale watano ni mzigo.

Hapo ndipo baba yangu, mtu asiyewahi kuamua kitu, alipoamua.

Lazima nieleze uhusiano wao. Baba alipokuja kuoa, mjomba alimpokea kwa kumwita "mgeni", na miaka arobaini baadaye bado alikuwa anamwita mgeni. "Mgeni, umeshiba?" "Mgeni, mvua hizi mmeziona kwenu?" Baba naye alimwita shemeji kwa sauti ya mtu anayevumilia mengi. Walikuwa wanataniana kutwa, na mmoja akisafiri mwingine hali vizuri. Jioni moja nikiwa nyumbani likizo, baba alitoa kadi mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha mjomba.

"Shemeji, nenda kawe mimi."

"Niwe wewe?" mjomba akasema. "Kwa dhambi ipi?"

"Mimi siumwi. Wewe unaumwa. Kadi inalala bure. Picha haina macho, na wewe huna macho. Nani atajua?"

Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye bima na ndiye msomi. Sasa hapa naomba niseme ukweli hata kama unaniaibisha. Mimi ni mwalimu. Nimewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kuangalizia majibu. Nilijua kabisa jambo lile ni kosa, na kwamba likigundulika naweza kuitwa ofisini. Lakini nilimtazama mjomba amekaa na kiganja wazi, kadi juu yake, anaipapasa kingo kwa kidole chake kile chenye kovu, nikasema, "Tutahitaji mazoezi."

Tulifanya mazoezi siku nne. Baba alimfundisha mjomba jina lake, la babu yake, mwaka wake wa kuzaliwa na kijiji alikozaliwa. Alimfundisha hata kukohoa.

"Mimi nakohoa mara mbili halafu natulia," baba akasema.

"Hospitali watajua unavyokohoa?"

"Kazi ikifanywa ifanywe vizuri, shemeji."

"Na nikitembea je, nitembee kivivu kama wewe?"

Mama alikuwa anapita na ndoo, akasikia, akatikisa kichwa na kuendelea na shughuli zake. Mimi nilikuwa namuuliza mjomba maswali kama karani. Unaitwa nani? Umezaliwa lini? Mwenye bima ni nani wako? Kwa hilo la mwisho alijibu "mwanangu" bila hata kusita, kwa sababu lilikuwa kweli. Siku ya nne alikuwa hakosei. Nilimpa alama zote. Katika mazoezi yote yale, kati yetu watatu hakuna aliyekumbuka swali moja, na nikifikiria naona tusingeweza kulikumbuka. Lilikuwa mahali ambapo akili ya mtu wa kwetu haiendi.

Tukapanda Noah ya abiria mpaka mjini. Hospitali palikuwa na madirisha mawili: la fedha taslimu, ambalo halikuwa na mtu, na la bima, lenye benchi refu lililojaa na wengine wamesimama. Tulikaa pale tangu saa mbili. Mjomba alikuwa amevaa kofia ya baba na shati la baba, na kila baada ya muda alikuwa anakohoa mara mbili na kutulia. Nilimnong'oneza aache. Saa tano tukafika dirishani.

Karani alikuwa binti mchangamfu, kucha ndefu za rangi, anabonyeza kompyuta kwa ncha za vidole. Alichukua kadi, akaangalia picha, akamwangalia mjomba. Mjomba akafumba macho kusaidia.

"Shikamoo mzee. Jina lako?"

Mjomba akataja jina la baba, la babu, na kwa bidii akataja na la babu wa babu.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Akajibu.

"Huyu mwalimu ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Sawa babu. Sasa mfumo unanitaka nihakiki wategemezi wote, tunasafisha taarifa. Ngoja nisome." Akalisoma jina la mama yangu, kamili, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Huyu ni mke wako, bado mnaishi pamoja?"

Nilimwona mjomba anafumbua macho yale yasiyoona. Mkono wake niliokuwa nimeushika ukakakamaa. Nikamfinya. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo, sema ndiyo, mjomba, sema ndiyo tu, neno moja. Kwa watu wengine labda ni neno moja. Kwetu kaka hakai kitanda kimoja na dada yake, hamtanii, hataji hata nguo zake za ndani zikiwa zimeanikwa. Na huyu alikuwa anaulizwa mbele ya watu hamsini.

"Huyo ni dada yangu!" mjomba akapaza sauti. "Dada yangu wa tumbo moja!"

Benchi zima likatugeukia. Karani akaangalia kompyuta, akamwangalia mjomba, akaangalia kompyuta tena.

"Babu, hapa imeandikwa mke. Na mna mtoto, mwalimu huyu."

"Astaghfirullah," akasema mtu nyuma yetu. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu. Mzee mwingine akasimama kabisa ili aone vizuri mtu aliyemwoa dada yake na kumkatia bima. Nilisikia mtu anauliza ni wa kijiji gani, na nikaomba Mungu asijibiwe.

Mjomba alisikia yote, maana masikio yake ni mazima. Na hapo ndipo alipochagua. Alikuwa na njia mbili: aonekane mwizi wa bima, au aonekane kile walichokuwa wanakifikiria. Hakuchukua hata nusu dakika. Alivua kofia ya baba, akaiinua juu, akawageukia watu wa benchi.

"Jamani, nisikilizeni! Mimi siye mwenye kadi hii! Kadi ni ya shemeji yangu! Mimi nimekuja kudanganya tu!"

Ukasikika mguno wa watu kupumua. Yule mzee aliyesimama akakaa. "Aa, kumbe ni bima tu," akasema, na mambo yakawa shwari kwa kila mtu isipokuwa mimi.

Tuliitwa kwenye chumba cha msimamizi wa masuala ya bima. Alikuwa mtu mzima wa hukuhuku, ukimsikia tu anavyoongea unajua. Alitufokea ipasavyo. Aliniuliza kama ndivyo ninavyowafundisha watoto. Kadi akaizuia mpaka baba afike mwenyewe na barua ya serikali ya kijiji. Mjomba alikuwa amesimama wima, kofia mkononi, amevaa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Mzee," msimamizi akamwambia baadaye, sauti imeshuka, "kwa nini huyu mpwa wako hakukuandikisha wewe tangu mwanzo?"

"Mwulize mwenyewe."

"Fomu haina mjomba," nikasema.

Akaipanga kalamu yake sambamba na rula. "Haina," akasema. "Na mimi wangu nilimtafutia nafasi, sikuipata. Fomu hii ilitungwa na watu ambao wajomba zao wanakuja siku ya harusi tu." Kisha akakumbuka cheo chake, akatufokea tena kidogo na kutuelekeza kwa daktari wa macho, tukaangaliwe hali ilivyo, kwa fedha yetu.

Daktari alimulika kila jicho kwa tochi ndogo. Alisema yote mawili yameiva, na la kushoto lisisubiri.

Tulirudi nyumbani na kumweleza baba. Nilidhani atahuzunikia aibu. Alihuzunikia kadi. Na hapa nilishuhudia jambo ambalo sijalielewa mpaka leo: mtu aliyekuwa hajaumwa maisha yake yote, kadi ilizuiwa saa sita mchana, kufika alasiri magoti yanamuuma. Kesho yake mgongo. Siku ya tatu akawa anasikia kitu kinatembea upande wa kulia. Ilibidi barua ya kijiji iandikwe haraka, na siku aliporudishiwa kadi yake alitembea kutoka stendi mpaka nyumbani bila kusimama, akiwa na mfuko wa chumvi begani.

Kwa mjomba hatukuwa na njia isipokuwa kuuza. Ufuta ukauzwa, wa mjomba aliolimiwa na vijana, na wa baba, ambaye hakuombwa na mtu. Mimi nikaongeza changu. Tukarudi palepale na fedha taslimu, dirisha la pili, lile lisilo na watu.

Sijawahi kuona heshima kama ile. Hakuna aliyeuliza jina la babu. Mjomba aliletewa kiti. Aliitwa "mzee wetu". Akaniinamia akasema, "Hapa hawaulizi mke wangu ni nani," na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. Kisha mhasibu akauliza, kama muuza samaki, "Jicho moja au yote mawili?"

Nikahesabu tena kile kilichokuwa kwenye bahasha, ingawa nilikuwa nakijua. Nikasema moja, la kushoto. Nilisema taratibu ili mjomba asisikie, akasikia.

"Moja linatosha," akasema. "Yote mawili nitaona nini cha ziada?"

Ningekuwa ninaumwa mimi, angekuwa daktari yuleyule, chumba kilekile, na yangefanywa yote mawili, na pengine wangenipiga picha ya tumbo pia. Hasira niliyoisikia pale dirishani ninayo bado. Simlaumu mhasibu, alikuwa anafanya kazi yake. Lakini ninayo.

Mjomba alifanyiwa upasuaji asubuhi, akalazwa, jicho limefungwa kwa bandeji nyeupe. Mama alikuja na uji wa ulezi na akalala pale chini kwenye mkeka, baba akaja kesho yake na mapema akaanza kulalamikia usafiri. Muuguzi alipokuja kufungua bandeji tulikuwa tumekizunguka kitanda wote watatu.

Mjomba alipepesa. Machozi yakamtoka, akafutwa. Akapepesa tena. Wa kwanza kumwona alikuwa muuguzi.

"Wewe ndiye uliyenichoma sindano jana? Mbona mtoto!"

Muuguzi akacheka. Mjomba akamgeukia baba, akamtazama muda mrefu kuanzia kofia mpaka ndala. "Mgeni," akasema, "umezeeka vibaya."

"Na wewe hujajiona," baba akajibu, akageukia dirisha na kujifuta uso kwa mkono wa shati.

Mimi akaniambia nimenenepa, mshahara unaingia. Nilicheka huku nalia, pua inavuja, nimesahau kabisa kwamba mimi ni mwalimu mbele za watu. Aliona! Alikuwa ananyoosha kidole, anataja rangi ya kanga, anasoma namba ya kitanda cha jirani.

Kisha akamtazama mama. Mama alikuwa anamimina uji kwenye kikombe. Mjomba akakaa wima kitandani, akaacha kucheka.

"Dada. Kwa nini umekonda hivyo?"

"Uzee, kaka. Kunywa uji."

"Uzee ni wa huyu mgeni. Wewe umekonda." Akanigeukia. "Kwa nini hamkuniambia?"

Nilitaka kumwambia kwamba hajakonda, yuko vilevile. Nikamtazama mama ili nipate kusema hivyo. Gauni lilikuwa linaning'inia mabegani. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, na mkono ulioshika kikombe ulikuwa mwembamba kama wa mwanafunzi wangu wa darasa la pili. Mjomba alikuwa hajamwona kwa miaka mitatu. Alimwacha mwanamke mnene, akafungua jicho akamkuta huyu. Sisi tulikuwa naye, baba kila siku na mimi kila likizo, akikonda kidogokidogo mbele yetu, nasi tukampisha apite na ndoo.

"Kadi unayo?" mjomba akamuuliza.

"Ninayo."

"Umekwenda nayo lini kwa daktari?"

Mama akakiweka kikombe chini. Alionekana anaona haya, kama mtu aliyekamatwa na kosa. "Sijakwenda. Naitunza. Nikiimaliza kwa kizunguzungu na kiu ya usiku, siku nikiumwa kweli nitatibiwa na nini?"

Alikuwa anadhani inakwisha. Ile kadi nilimpa mimi mwenyewe, miaka kumi na kitu iliyopita, nikamwambia aitunze, akaitunza. Sikumweleza zaidi ya hapo. Mimi ninayelipwa kueleza.

Mjomba alishuka kitandani. Muuguzi akamkataza, mjomba akamwomba ndala. Alimpeleka mama mwenyewe, jicho moja linaona na lingine bado jeupe, mpaka kwenye lile benchi refu la bima, sisi tukifuata nyuma. Wakampima damu, wakampima mkojo, na safari hii sikuona kipimo hata kimoja cha kuchekesha. Daktari alipopata majibu ya sukari alituita ndani wote, akafungua faili, akashika kalamu.

"Mama alianza kukonda lini?" akauliza.

Alikuwa ananiangalia mimi, mwanawe mkubwa, mwalimu. Nilianza kuhesabu likizo kurudi nyuma, moja baada ya nyingine, nikimtafuta mama katika kila moja, na kila nilipomwona alikuwa anapita na ndoo.